Umepata korona: umeze dawa ya virusi au usimeze? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Kirusi chenyewe hakikuondoka. Huja kwa mawimbi, na kila kikija maswali ni yaleyale: kuna dawa ya kumeza, je, niitafute? Kinachoniumiza ni kwamba wanaoihitaji kweli, wazee na wenye kinga dhaifu, huambiwa wasubiri "tuone kwanza", huku kijana mwenye afya njema akizunguka maduka ya dawa kuitafuta. Majibu haya nimewaandikia hao wa kwanza, pamoja na watoto na wajukuu wanaowauguza. Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyo kwenye boksi ili uyalinganishe na uliyo nayo mkononi. Uamuzi wa mwisho uufanye na daktari au mfamasia anayeijua hali yako.

Dawa zenyewe ni zipi?

Utakazozisikia zaidi ni tatu.

Ya kwanza ni Paxlovid. Ndani yake mna dawa mbili, nirmatrelvir na ritonavir. Nirmatrelvir ndiyo inayokizuia kirusi kisizaliane. Ritonavir haipigani na korona hata kidogo. Kazi yake ni kulizuia ini lisiiondoe nirmatrelvir haraka mwilini. Wapo wanaoishi na VVU watakaolitambua jina hilo, maana ritonavir imetumika miaka mingi kwenye dawa zao. Kwa mtu mwenye figo nzima, dozi ni vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni kwa siku 5. Jumla ni vidonge 30.

Ya pili ni molnupiravir, au Lagevrio, nayo ni ya kumeza kwa siku 5. Ya tatu ni remdesivir, au Veklury, ambayo huingizwa kwenye mshipa. Kwa mgonjwa ambaye hajalazwa, hutolewa siku tatu mfululizo, kwa hiyo inahitaji kituo chenye wahudumu na nafasi.

Remdesivir ina historia katika ukanda wetu. Mwaka 2018 na 2019 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola mashariki mwa Kongo. Dawa mbili za kingamwili ziliishinda, na Agosti 2019 ikaondolewa kwenye jaribio hilo. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya mji wa Kikwit, Kongo, ya mwaka 1995. Kushindwa kule hakukuizuia kufaa kwa korona, kwa sababu kila kirusi kina tabia yake.

Nani hasa anapaswa kumeza?

Novemba 2023 WHO iliwagawa wagonjwa ambao hali yao si kali katika makundi matatu, na mimi nauona mgawanyo huo ndio unaosaidia kuliko maelezo mengine yote.

Kundi la hatari kubwa ni wenye kinga iliyodhoofika: waliopandikizwa kiungo na wanaomeza dawa za kushusha kinga, wenye magonjwa ya kinga kuushambulia mwili na wanatumia dawa za aina hiyohiyo, na wenye upungufu wa kinga uliothibitishwa. Makadirio ni kwamba kati ya watu 1,000 wa kundi hili wasiotibiwa, kama 60 hulazwa. Hawa WHO inasisitiza wapewe Paxlovid. Ikishindikana, ndipo molnupiravir au remdesivir zifikiriwe.

Kundi la kati ni wenye umri wa zaidi ya miaka 65, wenye kisukari, unene uliopitiliza, magonjwa sugu ya moyo, mapafu, figo au ini, saratani inayoendelea, na wenye ulemavu. Hapa wanaolazwa hukadiriwa kuwa 30 kati ya 1,000. WHO inapendekeza Paxlovid, ila kwa kauli laini zaidi: inafaa kwa wengi, si lazima kwa kila mmoja. Molnupiravir na remdesivir haizipendekezi kwa kundi hili.

Waliobaki wote ni kundi la chini, kama 5 kati ya 1,000. Kwao WHO inashauri dawa hizi zisitumike.

Kabla ya kuuliza "je, dawa hii ni nzuri?", jiulize uko kundi gani. Swali la kwanza halina jibu mpaka la pili lijibiwe.

Nina miaka 32 na sina ugonjwa wowote. Siwezi kuimeza ili nipone haraka nirudi kazini?

Hapana, haitakuharakisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia karibu watu 1,300, wakiwemo waliochanjwa wenye angalau sababu moja ya hatari na wasiochanjwa wasio na sababu yoyote. Waliomeza Paxlovid walipata nafuu ya dalili baada ya siku 12 kwa wastani. Waliomeza vidonge visivyo na dawa, siku 13. Kitaalamu hiyo si tofauti. Pumzika, kunywa maji ya kutosha, meza parasetamoli ukiwa na homa, na ukae mbali na wazee wa nyumbani.

Mama yangu ana miaka 74, ana presha na kisukari. Anakohoa tu, anakula, anacheka. Tusubiri?

Msisubiri. Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na hukosea kwa mapenzi kabisa, kwa kutotaka kumsumbua mzee. Dawa hizi zimetengenezwa kwa mgonjwa ambaye bado anacheka. Siku za mwanzo kirusi ndicho kinachozaliana mwilini, na dawa inakikuta kazini. Baadaye, mgonjwa anapozidiwa, mara nyingi kinachomuumiza ni kinga yake mwenyewe inayowaka kwenye mapafu, na wakati huo dawa ya virusi imeshachelewa. Kwa hiyo msitumie hali yake ya leo kuamua. Tumieni umri na magonjwa aliyonayo, mpigieni daktari leo, na mwambieni mama kwa nini mnafanya haraka ingawa yeye anajiona mzima.

Tuna siku ngapi?

Paxlovid na molnupiravir huanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zianze. Remdesivir ni ndani ya siku 7. Hesabu inaanza siku koo lilipoanza kuwasha au mwili ulipoanza kuuma, si siku ya kupima. Mtu aliyeanza kukohoa Ijumaa akapima Jumanne ameshatumia sehemu kubwa ya muda wake.

Kwetu siku hizo hupotea kwa namna inayojulikana. Homa inaanza, mtu anadhani ni malaria, anameza dawa nyumbani siku mbili, haoni nafuu, anakwenda kupima, anaambiwa arudi kesho. Mwenye mgonjwa wa kundi la hatari nyumbani aamue mapema, kabla hajaugua mtu, kipimo kitapatikana wapi na daktari yupi atapigiwa. Kipimo cha haraka kikionyesha hana na dalili zipo, kirudiwe baada ya saa 48.

Kipimo cha malaria kimeonyesha ninayo. Bado nipime korona?

Kama uko kundi la hatari na una kikohozi, mafua au umepoteza harufu, ndiyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kimoja hakikingi kingine. Malaria itibiwe bila kuchelewa. Ila mwambie mtoa dawa kama umeanza au umemaliza mseto wa artemether na lumefantrine karibuni, kwa sababu ritonavir inaweza kuongeza kiwango cha lumefantrine kwenye damu, na lumefantrine ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwinini nayo itajwe.

Nasikia Paxlovid inagombana na dawa nyingine. Zipi?

Nyingi, na hili nataka ulisome polepole. Ritonavir inafunga mlango ambao ini hutumia kuondoa dawa chungu nzima. Mlango ukifungwa, dawa uliyoizoea kwa miaka inajaa kwenye damu kana kwamba umemeza mara mbili au tatu ya dozi. Kuna na upande wa pili: dawa chache huufungua mlango huohuo wazi kabisa, na Paxlovid ikatoka mwilini kabla ya kufanya kazi.

Za presha: amlodipine na nifedipine huongezeka nguvu, na presha inaweza kushuka mpaka mtu akapata kizunguzungu au kuanguka. Daktari anaweza kupunguza dozi kwa siku chache au kutaka presha ipimwe kila siku. Usiiache kwa uamuzi wako.

Za mafuta kwenye damu: simvastatin haichanganywi kabisa na Paxlovid. Atorvastatin mara nyingi husimamishwa kwa muda. Siku chache bila dawa ya mafuta hazina madhara makubwa.

Za kuzuia damu kuganda: warfarin, rivaroxaban na apixaban zinahitaji daktari, si ushauri wa jirani. Hapa kosa linaweza kuleta kutokwa na damu, au damu kuganda.

Za kifafa: carbamazepine, phenytoin na phenobarbital hazichanganywi na Paxlovid. Wala haisaidii kuziacha siku moja kabla, kwa sababu athari yake kwenye ini hukaa siku nyingi, na degedege linaweza kurudi. Mgonjwa wa kifafa anayetumia hizi atafutiwe dawa nyingine ya korona.

Za waliopandikizwa figo: tacrolimus na cyclosporine hupanda vibaya sana. Hawa ndio wanaoihitaji dawa ya virusi kuliko wote, na ndio wanaoweza kudhurika nayo kuliko wote, kwa hiyo uamuzi uwe wa kliniki yao ya upandikizaji.

Taja pia za moyo kama amiodarone, tamsulosin ya tezi dume, colchicine ya gauti, salmeterol ya pumu, diazepam ya usingizi na sildenafil. Hiyo ya mwisho wanaume huificha. Mfamasia hakuulizi ili akuaibishe. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni waongeze kondomu, maana nguvu ya vidonge inaweza kupungua.

Parasetamoli, insulini na metformin hazina shida hiyo.

Dawa za mitishamba nazo ni dawa. Zitaje, hata kama hujui kilichomo. Njia rahisi ni kutia kila unachomeza kwenye mfuko mmoja na kwenda nao, au kupiga picha za boksi na kumtumia mfamasia.

Naishi na VVU na nameza ARV. Niziache kwanza?

Usiziache hata siku moja. Wengi Tanzania, Kenya na Uganda sasa wako kwenye kidonge chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na hicho hakihitaji kubadilishwa ukimeza Paxlovid. Walio kwenye dawa zenye ritonavir au cobicistat nao huendelea kama kawaida na kuongeza Paxlovid juu yake; madhara kama kuharisha yanaweza kuzidi kidogo. Mwenye CD4 (chembe za kinga) za chini au ambaye hajaanza ARV yuko kwenye kundi la hatari kubwa, na daktari ajue hilo. Sababu nyingine ya kumwambia ni kwamba kwa mtu ambaye VVU vyake havijadhibitiwa, ritonavir inaweza kuvifanya virusi hivyo kuwa sugu kwa baadhi ya ARV.

Niko kwenye dozi ya kifua kikuu.

Basi Paxlovid haikufai. Rifampicin, ambayo ni nguzo ya dozi ya TB, inaimaliza mwilini mpaka haifanyi kazi, na athari hiyo huendelea kama wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Usiguse dozi ya TB kwa ajili ya korona. Iambie kliniki yako. Molnupiravir, kwa mfano, haijulikani kugombana na dawa nyingine.

Figo zangu ni dhaifu. Na mwenye ini bovu je?

Kwa figo zilizopungua nguvu dozi ya nirmatrelvir hupunguzwa, na mwaka 2025 Marekani iliidhinisha dozi maalumu hata kwa figo zilizochoka kabisa, wakiwemo wanaosafishwa damu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "una figo, basi haiwezekani" bila mtu kuangalia majibu yako ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya figo. Ini likiwa limeharibika vibaya, Paxlovid haishauriwi.

Ni mjamzito, au nanyonyesha.

Molnupiravir usimeze. Katika wanyama ilidhuru mimba, na mwanamke anayeweza kushika mimba hutakiwa kutumia kinga wakati wa dozi na siku 4 baada yake; mwanaume, miezi mitatu. Walio chini ya miaka 18 nao hawapewi, kwa hofu ya kudhuru mifupa yao. Paxlovid ni jambo la kuzungumza na daktari wa kliniki ya wajawazito. Ujauzito wenyewe unaongeza hatari ya korona kali, na kuna wanaoimeza baada ya kupima faida na hasara.

Ushahidi kwamba Paxlovid inasaidia uko wapi?

Jaribio lililoipa kibali lilihusu watu wazima wasiochanjwa wenye sababu za hatari, mwaka 2021. Kati ya watu 1,039 waliopewa dawa ndani ya siku 5, waliolazwa kwa korona au kufa walikuwa 8. Kati ya 1,046 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 66, na vifo vyote vilikuwa upande huo. Marekani iliruhusu itumike kwa dharura Desemba 2021, ikaipa kibali kamili kwa watu wazima Mei 2023.

Lakini leo karibu kila mtu amechanjwa, ameugua, au vyote viwili, kwa hiyo hatari ya kuanzia imepungua na faida imepungua nayo. Ndiyo maana nasisitiza makundi. Molnupiravir inafundisha hilo vizuri: Uingereza iliijaribu kwa zaidi ya watu 25,000, wengi wao wamechanjwa. Walioimeza walipona siku kadhaa mapema, lakini kulazwa na kufa hakukupungua.

Na nyungu? Tangawizi na malimao? Ivermectin?

Kinywaji cha moto chenye tangawizi na asali hutuliza koo, na mvuke hufungua pua. Hakuna ubaya kutafuta nafuu hiyo, mradi mzee au mtoto asiunguzwe na sufuria. Ila kirusi kilicho ndani ya mapafu hakiondolewi na nyungu, na mwenye hatari asiruhusu siku zake 5 ziishie chini ya blanketi.

Ivermectin WHO inaikataza kwa nguvu kwa wagonjwa wa kawaida wa korona, baada ya majaribio kuonyesha haina faida. Hydroxychloroquine vilevile. Azithromycin ni dawa ya bakteria. Inayonitia wasiwasi kuliko zote ni dexamethasone inayouzwa kiholela: jaribio la Uingereza la mwaka 2020 lilionyesha inaokoa maisha ya wanaohitaji oksijeni, lakini kwa wasioihitaji haikuleta faida yoyote. Kwa mwenye kisukari, inapandisha sukari juu sana.

Paxlovid ina madhara gani?

Linalolalamikiwa zaidi ni mdomo kuwa mchungu, kama umelamba chuma, siku zote za dozi. Kuharisha hufuata. Huisha dawa ikiisha. Upele, kuvimba uso au kupumua kwa shida ni mzio: acha na uende hospitali. Ukisahau dozi, imeze kama hazijapita saa 8. Zikipita, iache na usubiri inayofuata. Usimeze mara mbili kufidia, na usiishie siku ya tatu kwa sababu umejisikia vizuri.

Paxlovid inapatikana wapi, na kwa bei gani?

Hili ndilo gumu, na si haki. Marekani bei ya orodha ilikuwa karibu dola 1,400 kwa dozi moja mwishoni mwa 2023, ingawa bima na mipango ya msaada hupunguza mzigo. Uingereza hutolewa kupitia NHS, huduma ya afya ya taifa, kwa walio kwenye orodha ya hatari. Ndugu walioko huko waulize mapema kama wamo, kwa sababu orodha hubadilika.

Kwa nchi zetu, kampuni ya Pfizer, mtengenezaji wa Paxlovid, ilitia saini mkataba Novemba 2021 na Hazina ya Hataza za Dawa (Medicines Patent Pool) ili viwanda vingine vitengeneze dawa hiyo kwa bei nafuu kwa nchi 95, zikiwemo za Kusini mwa Sahara. Desemba 2022 WHO iliithibitisha ya kwanza, ya kampuni ya Hetero ya India. Kuwepo kwa ruhusa hakumaanishi iko kwenye rafu ya wilaya yako, basi anza na hospitali ya rufaa au kliniki ya magonjwa ya kuambukiza, na uulize kwa simu kabla ya kumsafirisha mgonjwa. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni asiye na duka lililosajiliwa.

Nilimaliza dozi, nikapona, sasa homa imerudi.

Hutokea, kwa kawaida kati ya siku 2 na 8 baada ya kupona, na huwapata hata watu ambao hawakumeza dawa yoyote. Mara nyingi huwa hafifu na huisha bila dozi ya pili. Unaweza kuambukiza tena, kwa hiyo vaa barakoa na ujitenge upya.

Lini tuache kufikiria vidonge na kukimbilia hospitali?

Mgonjwa akihema haraka akiwa amekaa, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikiwa ya bluu, kifua kikibana, akichanganyikiwa au akiwa mgumu kuamka. Mkiwa na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, ikishuka chini ya 94 mpigieni daktari mara moja; chini ya 90 ni dharura. Kucha zenye rangi na vidole baridi hudanganya kifaa, basi futeni rangi, pasheni mkono moto, mpime tena. Mkiwa bado na shaka, nendeni, na mbebe ule mfuko wa dawa.